Kurusha puto hadi stratosfia na kulifuatilia kwa redio: mwongozo kamili

Kurusha puto ni jambo jepesi. Likishajaa gesi na ukaliachia, litapanda lenyewe bila kuuliza ujuzi wako. Kazi iko kwenye kulipata. Mzigo wako utapaa kilomita 30 juu, utabebwa na upepo kwenda usikochagua, utatua kwenye shamba la mtu usiyemjua, na muda wote huo kitakachokuunganisha nao ni redio yenye nguvu ndogo kuliko balbu ya tochi. Kwa hiyo hapa tunaanza na redio, puto litafuata, na kila uamuzi tutaupima kwa swali moja: hiki kitanisaidiaje kulipata?

Safari yenyewe ilivyo

Puto la lateksi la gramu 1000 lililojazwa sawasawa hupanda kama mita 5 kila sekunde. Kadiri linavyopanda, hewa ya nje inapungua na puto linatanuka. Chini lina kipenyo kisichofika mita 2. Likivuka kilomita 30, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 1 tu ya ile ya usawa wa bahari, kipenyo kinakaribia mita 8. Hapo mpira unashindwa, unapasuka. Parashuti ipo, lakini haina hewa ya kushika, hivyo mzigo huanza kushuka kwa zaidi ya mita 40 kwa sekunde, kisha mwendo unapungua taratibu kadiri hewa inavyokuwa nzito, hadi kama mita 5 kwa sekunde wakati wa kugusa ardhi. Kupanda huchukua saa moja na dakika 45 hivi, na kushuka kama dakika 43.

Njiani kuna baridi kali. Katika latitudo za kati joto hushuka hadi nyuzi 56 chini ya sifuri kwenye kilomita 11. Karibu na ikweta baridi huendelea hadi kilomita 16 au 17 na inaweza kufika nyuzi 80 chini ya sifuri. Juu ya hapo, kwenye stratosfia, joto linaanza kupanda tena, kwa sababu ozoni hunyonya miale ya jua.

Kwa redio, kimo hicho ni neema. Kutoka kilomita 30 juu, upeo wa mawimbi unafika karibu kilomita 700, bila mlima wala jengo njiani. Milliwati 10 zinasikika mamia ya kilomita. Ila neema hiyo inaisha ghafla: traka ileile (kisambazaji kinachotangaza mahali kilipo) ikilala kwenye majani, pengine utaisikia ukiwa kilomita moja tu, au mita mia chache. Mpango wote wa kulifukuza puto unazunguka tofauti hiyo.

Ruhusa mbili, na zote zitangulie

Ya kwanza ni ya redio. Leseni ya redio ya ridhaa, ile ya wanaotumia redio kwa kupenda tu, inakupa alama ya mwito, yaani jina lako la hewani, nayo ndiyo itakayobebwa na kila ujumbe wa puto. Soma masharti ya leseni yako kuhusu kutuma mawimbi kutoka angani, kwa sababu nchi hazifanani. Uingereza, kwa miaka mingi, leseni ya ridhaa haikuruhusu jambo hilo, na warusha maputo wa huko wakajenga utaratibu wao juu ya 434 MHz, masafa ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuyatumia kwa nguvu isiyozidi milliwati 10. Kubanwa huko kuliwalazimisha kutafuta njia za kusikika mbali kwa nguvu ndogo, na wengi duniani tunafaidi kazi yao.

Ya pili ni ya anga. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, katika Kiambatisho cha 2, zinayagawa maputo yasiyo na rubani katika makundi. Mzigo usiofika kilo 4 kwa jumla huingia kwenye kundi jepesi, lakini si uzito pekee unaoangaliwa: kamba inayohitaji nguvu ya newtoni 230 au zaidi ili ikatike inaweza kukuhamishia kundi zito. Maana yake ni kwamba kamba imara kupita kiasi ni kosa, kwani ndege ikiigonga lazima ikatike. Juu ya kanuni hizo kila nchi ina zake. Waandikie mamlaka ya usafiri wa anga mapema ukitaja mahali kwa latitudo na longitudo, tarehe na saa kwa UTC (saa ya kimataifa), uzito, mwendo wa kupanda, kimo cha juu, eneo linalotarajiwa kutua na simu ya mtu atakayekuwepo uwanjani. Kwa kawaida watatoa tangazo kwa marubani, NOTAM, na huenda wakakutaka upige simu kabla ya kuachia. Hatua hii usiikwepe hata kama mzigo wako ni wa gramu 300.

Kuchagua lugha ya redio

APRS, mfumo wa kutangaza mahali ulipo kwa redio, ndio unaojulikana zaidi. Ulibuniwa na Bob Bruninga wa Marekani, alama ya mwito WB4APR, na hutuma pakiti za baud 1200 (alama 1200 kwa sekunde) kwa sauti mbili, 1200 na 2200 Hz. Masafa yake ni 144.390 MHz Amerika Kaskazini, 144.800 MHz Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, na 145.175 MHz Australia. Uzuri wake ni kwamba vituo vya kupokea tayari vipo, vinapeleka ujumbe kwenye intaneti vyenyewe, nawe unaliona puto kwenye ramani ya aprs.fi bila kujenga chochote. Angalia jambo moja tu. APRS iliundwa ikiwafikiria watu wa ardhini, na ujumbe wa gari huomba vituo jirani viurudie. Puto likiomba hivyo kutoka kilomita 20 juu, vituo vya nchi nzima vitaitikia kwa pamoja na kuziba masafa. Panga traka isiombe kurudiwa ikishapanda, na itume mara moja kwa dakika, basi.

Horus Binary imetoka kwa wapenda redio wa Adelaide, Australia. Hutumia sauti nne kwa baud 100 kwenye masafa ya sentimita 70, na ujumbe wake mfupi hubeba marekebisho ya makosa ndani yake, hivyo husomeka hata pale sikio linaposikia mluzi hafifu tu. Unaipokea kwa redio yenye SSB (upokeaji wa upande mmoja wa wimbi) au kwa kipokezi kidogo cha USB cha RTL-SDR, kompyuta inafasiri, na matokeo yanaingia kwenye ramani ya mtandaoni ya SondeHub. RTTY, maandishi yanayotumwa herufi kwa herufi, ni ya zamani na bado inafanya kazi, ila herufi ikipotea imepotea. LoRa, teknolojia ya redio ya kufika mbali kwa nguvu ndogo, ni rahisi kuanza nayo, bodi zake zinauzwa zikiwa na GPS tayari, lakini kuipokea lazima uwe na chipu ya LoRa iliyopangwa sawasawa na ile ya kwenye puto.

Chaguo langu ni Horus, pamoja na APRS mahali penye vituo vyake. Sababu ni dakika za mwisho. Mluzi unaosikika kwa sikio unaweza kuufuata kwa antena ya mkononi hata kama GPS imeshakufa. LoRa haikupi hilo kirahisi.

Lolote utakalochagua, panda na traka mbili, kila moja na betri yake, antena yake na masafa yake. Traka mbili zilizoungwa kwenye betri moja ni traka moja.

Ujumbe ubebe alama ya mwito, namba ya mfululizo, saa, latitudo, longitudo, kimo, idadi ya setilaiti, volti za betri na joto la ndani ya sanduku. Namba ya mfululizo itakuonyesha ni jumbe ngapi umekosa. Idadi ya setilaiti itakuonyesha kama mahali unapoambiwa ni pa sasa au pa dakika kumi zilizopita.

GPS inayogoma kilomita 12

Hapa ndipo mizigo mingi hupotelea. Chipu nyingi za GPS zina vizuizi vya kimo na mwendo vilivyotokana na kanuni za zamani za kuzuia zisitumike kwenye makombora: kilomita 18, na mita 515 kwa sekunde. Watengenezaji wengine hufunga chipu kizuizi kimojawapo kikivukwa, wengine vikivukwa vyote viwili. Chipu za kampuni ya u-blox zina la ziada. Zinapowashwa huwa katika hali ya kawaida ya kubebwa mkononi, ambayo inaishia kilomita 12. Lazima programu ya traka izitumie amri ya kuingia hali ya angani, namba 6, inayofika kilomita 50 kwenye chipu za kizazi cha M8. Amri hiyo itumwe upya mara kwa mara wakati wa safari, maana umeme ukitetereka chipu inajiwasha upya na kurudi hali ya mwanzo.

Usiamini maelezo ya muuzaji tu. Isome chipu yenyewe, iulize iko hali gani, na uone jibu kwenye skrini kabla hujafunga sanduku.

Jifunze kwa maputo ya watabiri wa hewa

Kabla ya kurusha lako, fukuza la wengine. Idara za hali ya hewa duniani hurusha vipima hewa kwa ajili ya vipimo vya saa 00 na 12 UTC, na vingi hutuma mawimbi kati ya 400 na 406 MHz. Ukiwa na RTL-SDR, antena ya waya na programu ya radiosonde_auto_rx kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, utavisikia vikipanda, vikipasuka na vikishuka. SondeHub inaonyesha vilivyo hewani muda huo. Kimoja kikielekea upande wako, chukua gari ukakitafute. Utajifunza kutumia ramani, antena na simu kwa pamoja huku ukiendeshwa kwenye barabara mbovu, somo ambalo huwezi kulipata mezani.

Kuna zawadi pia. Kipima hewa cha RS41 cha Vaisala, kampuni ya Ufini, haijalishi kilikorushwa, kina ndani yake GPS ya u-blox, kisambazaji, antena na nafasi ya betri mbili za AA. Kwa kifaa cha kupakia programu cha ST-Link na programu huria ya RS41ng unakigeuza kuwa traka yako ya Horus. Hakikisha umekihamishia masafa ya ridhaa, kwani 400 hadi 406 MHz ni ya hali ya hewa. Soma pia lebo yake, kwa sababu baadhi ya idara zinataka virudishwe.

Betri, sanduku na antena

Betri ziwe za lithiamu zisizochajiwa, aina ya AA. Energizer L91 ina gramu 15 hivi na mtengenezaji anaihesabia hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Alkalini za kawaida zina maji ndani na hulegea kwenye baridi, na betri za kuchaji za simu hupoteza nguvu mapema. Washa traka, itie kwenye friza na sanduku lake, uiache usiku kucha huku ukisikiliza ujumbe wake kutoka chumba cha pili. Asubuhi, volti zitakuambia kama inafaa.

Sanduku la stairofomu lenye kuta za sentimita 2 au 3 linatosha. Joto linalotoka kwenye elektroniki zenyewe hubaki ndani. Bandika nje karatasi isiyolowa yenye jina, simu, maneno kwamba kifaa hakina madhara, na ahadi ya zawadi, kwa lugha zinazosomwa eneo la kutua. Kamera ukitaka weka, lakini iwe na betri yake, na kila gramu yake uitoe jasho.

Antena rahisi ni waya wa robo wimbi: kama sentimita 16.5 kwa 434 MHz na sentimita 49 kwa 144.8 MHz, ukiwa na waya nne za urefu huohuo zilizotandazwa chini ya sanduku kama ardhi yake. Waya mkuu uelekee chini. Antena ya namna hii haisikiki vizuri moja kwa moja chini yake, kwa hiyo puto likipita utosini kwako na sauti ikafifia, usihangaike. Subiri lisogee pembeni.

Parashuti na kamba

Mzigo wa kilo 1 ukitaka utue kwa mita 5 kwa sekunde, parashuti ya duara yenye kipenyo cha mita 1 inatosha. Mzigo ukiwa mara mbili, usizidishe kipenyo mara mbili: eneo ndilo linalozidishwa, na kipenyo kinakuwa mita 1.4 hivi. Parashuti ikae kwenye mstari, kati ya puto na sanduku, ikining'inia wazi tangu mwanzo, bila kitu cha kuifungua. Acha mita kadhaa za kamba kati yake na puto, kwa sababu puto likipasuka mabaki ya mpira yanaweza kuiangukia na kuisokota. Weka kiungo cha kuzunguka, kile cha wavuvi, juu ya sanduku ili kamba isijipinde. Rangi iwe ya kung'aa, nyekundu au chungwa. Kijani na kahawia waachie wanajeshi.

Litaangukia wapi?

Kitabiri cha SondeHub hutumia data za GFS, mfumo wa utabiri wa hewa wa Marekani, zinazotolewa mara nne kwa siku. Unaingiza mahali, saa, mwendo wa kupanda, kimo cha kupasuka na mwendo wa kutua, kinakuchorea njia. Siku tano kabla, angalia mwelekeo tu. Usiku wa kuamkia safari, fanya kazi kwa makini: jaribu kupanda kwa mita 4, 5 na 6, na kupasuka kwa kilomita 26 hadi 33. Utapata rundo la nukta za kutua. Kama yoyote kati ya hizo iko ziwani, mjini, karibu na uwanja wa ndege au ng'ambo ya mpaka, ahirisha. Angalia rundo zima, usiipende nukta moja nzuri.

Majira yana nguvu hapa. Latitudo za kati wakati wa baridi, upepo wa kilomita 10 hivi juu unaweza kuzidi kilomita 180 kwa saa na kulipeleka puto mbali sana. Mwanzoni mwa majira ya joto na mwisho wake, upepo wa stratosfia hugeuka upande, na katika siku hizo za mgeuko puto hutua karibu na lilikotoka. Juu ya ikweta, upepo wa stratosfia hubadilishana mashariki na magharibi kwa mzunguko wa miezi 28 hivi, hivyo njia ya mwaka jana si mwongozo wa mwaka huu.

Kujaza gesi

Hapa ndipo mwendo wa kupanda na kimo cha kupasuka vinapoamuliwa, na huwezi kurekebisha baadaye. Kipimo cha kutazama ni nguvu ya kuinua shingoni, yaani kiasi ambacho shingo ya puto inavuta juu baada ya puto kujibeba lenyewe.

Tuchukue mfano. Puto la gramu 1000, na kila kitu kinachoning'inia chini ya shingo, parashuti na kamba zikiwemo, kina gramu 900. Ili lipande mita 5 kwa sekunde linahitaji karibu mita 3 za ujazo za heliamu. Hizo zinainua kama kilo 3.05. Toa kilo 1 ya puto lenyewe, shingoni inabaki kilo 2.05: gramu 900 za kubeba mzigo, na kilo 1.15 ya ziada ya kulisukuma hewani. Likiwa hivyo, litapasuka karibu na kilomita 32. Mahesabu haya yanafanywa na vikokotoo vya mtandaoni, lakini elewa kinachopimwa, maana kosa la kawaida ni kusahau uzito wa parashuti au kuhesabu puto mara mbili.

Ukijaza kupita kiasi, litapanda haraka na kupasuka mapema. Safari inakuwa fupi na hakuna kilichoharibika sana. Ukijaza pungufu, hatari ni kubwa. Puto litapanda kwa kusuasua, linaweza kufika mahali likaelea bila kupasuka, na kupelekwa na upepo saa nyingi hadi betri zinakufa. Kama huna uhakika, ongeza kidogo.

Heliamu ya kupambia sherehe mara nyingi imechanganywa na hewa, kwa hiyo uliza usafi wake. Mtungi wa lita 50 wenye bar 200 una karibu mita 9 za ujazo, zaidi ya kutosha. Haidrojeni huinua zaidi kwa asilimia 8 hivi tu, lakini inawaka ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75, na cheche ya umeme tuli inatosha kuiwasha. Kama hujafundishwa na mtu anayeitumia, kaa na heliamu.

Kazi yenyewe fanya asubuhi mapema upepo ukiwa umelala, nyuma ya jengo au miti. Tandika turubai safi. Wote wanaogusa mpira wavae glovu laini, wavue pete na saa. Unganisha bomba na shingo, funga kwa vifungo vya plastiki, kisha ning'iniza kwenye bomba chupa ya maji uliyoipima: chupa, maji na kichwa cha bomba kwa pamoja viwe kilo 2.05. Fungua gesi polepole. Puto litalala, litainuka upande, litasimama. Mwishoni chupa itaanza kucheza juu ya turubai, itagusa na kuachia, itagusa na kuachia. Upepo ukivuma utakudanganya, kwa hiyo subiri utulie, uone chupa inaelea yenyewe bila kupanda wala kushuka. Hapo funga valvu.

Kufunga shingo: isokote, ifunge kwa kamba imara sentimita chache juu ya bomba, toa bomba, ikunje shingo kwenda juu upate kitanzi, ifunge tena, kisha zungushia gamtepu ili ncha za vifungo zisichome mpira. Kamba ya mzigo ipite kwenye kitanzi hicho. Mtu mmoja asiachie puto hata kidogo wakati huu wote.

Dakika za kuachia

1. Washa traka zote mbili, ziache wazi chini ya anga hadi ziwe na setilaiti za kutosha na kimo kinachofanana na ramani.
2. Hakikisha ujumbe unasomeka kwenye redio ya gari, na unaonekana kwenye ramani ya intaneti kutoka simu ya mtu mwingine.
3. Thibitisha kwa macho kwamba GPS iko hali ya angani.
4. Washa kamera, funga sanduku, zungushia gamtepu.
5. Pigia mamlaka ya anga kama mlivyokubaliana.
6. Acha puto lipande kwanza kwa kupokezana kamba mkono kwa mkono, kisha parashuti, na anayeshika sanduku awe wa mwisho. Akimbie kidogo na upepo, kisha aachie. Asilirushe.

Kulifukuza

Usikae kulitazama likiwa nukta. Gari liondoke mapema, kwa sababu lengo ni kuwa kilomita 10 au 15 kutoka mahali pa kutua kabla puto halijapasuka. Mmoja aendeshe tu. Mwingine awe na redio, kompyuta na ramani. Pakua ramani za eneo lote kabla ya kuondoka, na programu ya kufasiri iwe ndani ya gari: maeneo wanayopenda kutua maputo hayana mtandao wa simu.

Kwenye skrini utaona mistari ya mluzi ikishuka taratibu kama traka haina kioo cha masafa kinachohimili joto. Baridi inavuta masafa, na unaweza kuhitaji kurekebisha kilohezi moja au zaidi. Mwendo wa kupanda utakuwa unasomeka 5, 5.1, 4.9. Kisha ujumbe mmoja kimo kitakuwa kimeshuka kwa mamia ya mita, sauti itayumba, na mahali patachelewa kusomeka kwa sababu sanduku linabingirika. Limepasuka. Sasa utabiri unachorwa upya kutoka kimo halisi, na nukta ya kutua huwa inakaribia ukweli zaidi kwa kila ujumbe.

Kilomita 2 za mwisho ndizo za thamani. Mtu aliye ardhini kilomita 50 mbali, kwenye nchi tambarare, atalipoteza likifika kama mita 150 juu ya ardhi. Penye vilima atalipoteza mapema zaidi. Panda mlimani au darajani na usimame ukisikiliza, usiendelee kukimbia bondeni. Andika kwa mkono ujumbe wa mwisho: mahali, kimo, mwendo. Kama ulikuwa mita 500 juu ya ardhi, mzigo unashuka mita 6 kwa sekunde na upepo wa chini ni mita 5 kwa sekunde, zimebaki sekunde 83 hivi, na utasukumwa kama mita 400 zaidi. Chora nukta hiyo, nenda hapo.

Ukifika na ukisikia ujumbe, GPS itakupeleka hadi mita chache. Ukisikia mluzi tu bila mahali, shika antena ya Yagi, inayosikia zaidi upande mmoja, izungushe, andika upande wenye nguvu, sogea mita 200 pembeni, rudia. Mistari miwili ikikatana ndipo palipo. Ukikaribia, redio itajaa kila upande. Toa antena, au shikilia redio ndogo kifuani na ugeuke mzima: pale sauti inapofifia zaidi, puto liko mgongoni kwako. Usiposikia chochote, anzia nukta uliyochora, tafuta kwa kufuata upepo, na ukumbuke kutazama juu ya miti.

Shamba lina mwenyewe, kwa hiyo bisha hodi kwanza. Likiwa limenasa kwenye nyaya za umeme, usiguse hata kwa fimbo, piga simu shirika la umeme. Lebo nayo ina kazi yake. Mizigo mingi hurudi kwa simu ya mkulima aliyeiokota.

Likiwa mkononi

Piga picha lilivyotua kabla ya kugusa, kwa sababu jinsi kamba na parashuti zilivyolala zinaeleza safari ya chini. Okota mabaki ya lateksi, mifugo huyala. Andika volti za betri, pakua data, wajulishe watu wa anga kwamba safari imeisha, na weka kwenye SondeHub alama kwamba limepatikana ili wengine wasije kulitafuta. Zima traka kabla ya kuwasha gari, la sivyo wanaokufuatilia wataona puto lako likikata kona na kusimama kwenye taa za barabarani.